Mama Mwalimu Arudipo Masomoni: Shahada ya Kufundisha Kusoma kwa Njia ya Mtandao

Yuko mtoto ambaye kila mtaa wa mwambao wamjua. Jioni, chuoni, aisoma juzuu yake bila ya kukwama, na maalimu wake yu radhi naye. Asubuhi yake, shuleni, apewa kitabu cha Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, na mtoto yule yule husita katika mstari wa kwanza, akikisia maneno kwa kutazama picha. Nyumbani huambiwa ni mvivu. Sisi twaona kuwa uvivu si neno lake. Chuoni alishikwa mkono hatua baada ya hatua, ilhali shuleni aghalabu mwalimu mwenyewe hakupata kufunzwa kwa kina namna ya kumsomesha mtoto kusoma.

Tuitazame kazi ya maalimu. Alif fat-ha a, alif kasra i, alif dhumma u. Herufi hufungamanishwa na sauti yake, kisha sauti huunganishwa zikawa neno, na hapana kuruka. Jopo la wataalamu wa usomaji la Marekani, lililotoa ripoti yake mwaka 2000, lilitaja nguzo tano: kuzitambua sauti za maneno, kuoanisha herufi na sauti, kusoma kwa mtiririko, msamiati na ufahamu. Nguzo ya pili ndiyo ile ile kazi ya chuo chetu, nayo ilikuwapo mwambao huu kabla ya shule za serikali.

Lakini chuo hicho hicho chatufunza jambo jengine. Mtoto wetu huweza kuyatamka maneno ya Kiarabu sawasawa pasi na kujua maana yake. Thawabu ya kisomo chake haipungui kwa hilo. Kitabu cha sayansi, hata hivyo, hakisomwi kwa thawabu ya matamshi. Mwaka 1986, Gough na Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili, kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuifahamu lugha, na wakayaweka kama hesabu ya kuzidisha: kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto akifika Gredi ya 4, ambapo masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, upungufu wowote wa haya mawili hujitokeza peupe.

Na hapa kwetu pana fundo ambalo mgeni halioni. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na vitabu vya shule vimeandikwa hivyo. Mtoto wa Mombasa au Lamu aona neno "njoo", asema "ndoo". Aona "cheka", asema "teka". Aona "jicho", asema "jito". Mwalimu asiyejua humwekea alama ya kosa, ilhali mtoto amelisoma neno, amelielewa, na amelitamka kwa lahaja ya mamake. Aliyebobea katika ufundishaji wa kusoma hutofautisha lahaja na kosa. Hutambua pia yule ambaye taabu yake ni disleksia, mtoto ambaye kwa miaka mingi huitwa mjinga bure.

Ndiyo maana twafurahi kuona walimu wa kike wakiulizia shahada ya uzamili katika fani hii kwa njia ya mtandao. Mama mwenye watoto Kwale au Faza hawezi kuihama nyumba kwa miaka miwili akasome mbali. Nchini, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa mtandao, na vyuo vyengine navyo vina kozi za namna hiyo. Vya ng'ambo havihesabiki, na hapo ndipo pa kuangalia vyema.

Kozi nyingi za Marekani za wataalamu wa kusoma zimeundwa kwa ajili ya leseni zinazotolewa na majimbo ya huko, kwa shule za huko. Huweza kumdai mwanafunzi leseni ambayo mwalimu wa Kenya hana. Tena hutumia muda mwingi katika tahajia ya Kiingereza, ambayo kwa kweli ni msitu. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake. Mtoto wetu hafiki mbali kwa kufundishwa kama kwamba asoma Kiingereza tu. Mama aombe muhtasari wa masomo kabla ya kutoa hata shilingi, aangalie kama kuna somo la watoto wanaosoma kwa lugha mbili au tatu. Likikosekana, sisi twamshauri aiache kozi hiyo.

Aulize pia, kwa maandishi, kama mamlaka ya Kenya yataitambua shahada hiyo, wala asitosheke na ahadi ya wakala wa chuo. Na asiingie akitumai kwamba karatasi peke yake itampandisha daraja kazini.

Suala la saa hudharauliwa sana. Darasa la New York la saa moja jioni ni saa nane au saa tisa za usiku Mombasa, kwa kutegemea majira yao. La London la saa kumi na mbili jioni ni saa mbili au saa tatu za usiku kwetu, baada ya Isha, na hilo lawezekana. Yako mafunzo ya vitendo pia: kozi ya maana humtaka mwalimu amsomeshe mtoto hasa, mara nyengine akirekodiwa. Wazazi wa mtoto huyo waombwe idhini mapema, na waelezwe picha zitaonwa na nani.

Karo ndiyo hofu ya wengi, hasa familia zinazojiepusha na riba. Vyuo kadhaa hukubali kulipwa kwa muhula au kwa somo moja moja, na chama cha akina mama chaweza kubeba muhula mmoja kwa zamu. Huenda shahada ikachukua miaka minne badala ya miwili. Si aibu.

Lililo zito zaidi halilipiwi kwa pesa. Mama anayesoma baada ya Isha amesomesha mchana kutwa, amepika, ameogesha watoto. Waume zetu na mama wakwe twawaomba kwa heshima jioni tatu kwa wiki, chumba kimoja na mlango uliofungwa, na bando isiyomalizwa na watoto kwa katuni.

Naye asiye tayari kujisajili aanze na mtoto mmoja. Kila siku amsikilize akisoma dakika kumi, aandike kwenye daftari kila neno alilokwama na vile alivyolitamka. Daftari hilo likifika mwezi, atajua mwenyewe anachotaka kwenda kusomea.