Sumu Isiyokwenda na Maji

Katika miaka ya 1950, mito ya eneo la Kakamega na Kaimosi ilitiwa dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT. Aliyelengwa ni usubi wa aina ya Simulium neavei, mwenezaji wa upofu wa mtoni, ambaye mabuu wake hukua wakiwa wamejishikiza kwenye magamba ya kaa. Dawa ilitiwa kwa vipimo, mkondo ukaisambaza, mabuu wakafa. Kufikia mwisho wa muongo huo usubi huyo alikuwa ametokomezwa nchini Kenya. Walionusurika upofu ni wengi, na kazi ile inastahili heshima.

Hata hivyo, kazi ya DDT haiishi pale mdudu anapokufa. Ni vigumu mno kuyeyuka katika maji, lakini katika mafuta huyeyuka upesi, kwa hiyo hung'ang'ania matope, mwani na shahamu ya viumbe. Kaa anayekula masalia ya chini ya mto huimeza kidogo kidogo. Mwili wake hauwezi kuivunja upesi wala kuitoa kwa mkojo. Sehemu ya DDT hiyo hugeuka DDE, ambayo hudumu zaidi. Mumi akila kaa wengi hubaki na limbikizo la wote. Ndege mla samaki hupata zaidi ya samaki, na DDE hufanya maganda ya mayai yake yawe membamba hata yapasuke akiyaatamia.

Binadamu naye yumo katika mnyororo huo. Kati ya 1983 na 1985 watafiti walipima maziwa ya akina mama katika sehemu mbalimbali za Kenya. Kiwango cha juu zaidi cha DDT kilipatikana kisiwani Rusinga, cha chini Loitokitok. Mama anaponyonyesha, mafuta ya mwili wake hutumika kutengeneza maziwa, na kilichohifadhiwa humo kwa miaka humfikia mtoto.

Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986, na mwaka 2004 ikaridhia Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza upesi. Hatua hizo zilikuwa za lazima, ila zilikuja baada ya miaka mingi ya matumizi. Mkulima wa Malava au Butere anayenunua dawa dukani leo ana haki ya kuambiwa, kabla ya bei, itachukua muda gani kuoza. Na dawa isiyooza isipewe kibali cha kunyunyizwa shambani, hata ikiua wadudu wote.