Kampuni inayolipa mishahara ya wengine: mapato yake ya mwaka hutoka wapi?

Mara kadhaa kwa mwaka, katika taarifa ya habari za biashara, mnatusikia tukisema kwamba kampuni fulani kubwa ya Marekani imetangaza matokeo ya mwaka. Tunataja mapato, tunataja faida, tunaendelea na bei ya kahawa. Dakika moja ya redio haitoshi kueleza zaidi ya hapo. Leo tumechagua kampuni moja tu na mwaka mmoja tu, tuufungue polepole. Ni kampuni ambayo huenda hujawahi kuisikia, lakini kama una ndugu anayefanya kazi Marekani, kuna uwezekano mkubwa kwamba mshahara wake umewahi kupita mikononi mwake.

Kampuni hiyo inaitwa ADP. Haiuzi kitu cha kushika kwa mkono. Kazi yake ni kupiga hesabu za mishahara ya kampuni nyingine, kukata kodi na michango, kuwalipa wafanyakazi kwa siku yao, na kupeleka makato serikalini. Mwenye kiwanda, mwenye hospitali au mwenye mgahawa anaiambia: mimi nitaangalia biashara yangu, ninyi nishikieni mambo ya mishahara. Huko ndiko kukabidhi kazi ya ofisi kwa kampuni ya nje, na ADP imeifanya tangu mwaka 1949.

Aliyeianzisha ni Henry Taub, mhasibu kijana wa mji wa Paterson katika jimbo la New Jersey. Inasimuliwa kwamba alifika kwenye kampuni moja akakuta wafanyakazi hawajalipwa, kisa mtu mmoja aliyejua kuandaa mishahara alikuwa mgonjwa. Mtu mmoja augue, watu wote wakose mshahara! Taub akaona hapo pana kazi. Alianzia chumba kidogo juu ya duka la barafu tamu, ndugu yake Joe akajiunga naye, na baadaye akaja muuzaji hodari aitwaye Frank Lautenberg, ambaye miaka mingi baadaye alichaguliwa kuwa seneta wa New Jersey. Kampuni ilipouza hisa kwa umma mwaka 1961 ilikuwa na wateja kama 300 na wafanyakazi 125.

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe. Mwaka wa hesabu wa ADP huishia tarehe 30 Juni, sawa na mwaka wa bajeti wa serikali zetu za Tanzania, Kenya na Uganda. Katika mwaka ulioishia Juni 2024, mapato yake yalikuwa dola bilioni 19.2, ongezeko la asilimia 7 kuliko mwaka uliotangulia. Faida baada ya kodi ilikuwa karibu dola bilioni 3.8, ongezeko la asilimia 10. Ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 1.1, yaani kampuni na ofisi zinazoitumia, na inasema inalipa wafanyakazi zaidi ya milioni 42 duniani. Ndani ya Marekani, inasema karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila sita hulipwa kupitia kwake.

Tofautisha mapato na faida. Mapato ni fedha zote zilizoingia, na faida ni kilichobaki baada ya kulipa watu wake, kompyuta, majengo na kodi. Hapa, katika kila dola moja iliyoingia, zimebaki kama senti 20. Kwa biashara ya makaratasi hiyo ni nyingi. Mwenye duka la jumla akibakiwa na senti tano anashukuru Mungu.

Hata hivyo mapato hayo yana sehemu inayoweza kumdanganya msomaji. Dola bilioni 6.2 kati yake zilitoka kwenye tawi ambalo ADP huwa kama mwajiri wa pili. Kampuni ndogo ya watu 20 ikienda kununua bima ya afya peke yake hupewa bei ya juu. ADP inawaunganisha wafanyakazi wa maelfu ya kampuni ndogo, inanunua bima kama mnunuzi mmoja mkubwa, kisha inazitoza kampuni hizo gharama. Zaidi ya nusu ya fedha za tawi hili ni za bima, nazo zinapita tu, haziachi faida. Ni kama fundi anayeezeka nyumba na kuandika bei ya mabati kwenye mapato yake. Fedha amezishika kweli, lakini si zake, ni za muuza mabati. Kwa hiyo ukisikia tawi hilo limekua, uliza kwanza kama kazi imeongezeka au bima imepanda bei.

Namba nyingine ambayo sisi huiangalia kabla ya faida ni wateja waliobaki. Mwaka huo ADP ilibakiwa na asilimia 92 ya mapato ya wateja wake wa huduma za mishahara. Asilimia nane ya mapato hayo iliondoka, na wengi wanaoondoka ni biashara ndogo, kwa sababu biashara ndogo hufungwa au huuzwa. Kwa kawaida kampuni haipendi kubadilisha anayeshika mishahara yake, maana kuhamisha majina, namba za kodi na akaunti za watu wote ni usumbufu unaoweza kuchukua miezi. Usumbufu huo ni ukuta unaoilinda ADP kuliko tangazo lolote.

Tumefika sasa kwenye sehemu iliyotufanya tuandike makala hii.

Mshahara haurukii moja kwa moja kutoka kwa mwajiri hadi kwa mfanyakazi. Mwajiri hutuma fedha kwa ADP kabla ya siku ya malipo. ADP hukata kodi ya mapato ya mfanyakazi. Hukata pia mchango wa hifadhi ya jamii, ambao Marekani ni asilimia 6.2 ya mshahara, na wa matibabu ya wazee, asilimia 1.45. Mwajiri naye huongeza kiasi kile kile kwa kila mchango. Mshahara wenyewe unaondoka haraka. Kodi na michango husubiri tarehe zake: nyingine baada ya siku chache, nyingine mwisho wa mwezi, nyingine mwisho wa robo mwaka.

Katika siku hizo za kusubiri, fedha zinakaa. Kwa mtu mmoja ni dola chache kwa siku chache. Lakini ukichukua mamilioni ya watu, wengine wakilipwa leo na wengine kesho, kisima hakikauki kamwe. Katika mwaka huo, fedha za wateja zilizokuwa mikononi mwa ADP kwa wastani zilikuwa takriban dola bilioni 35 kila siku. Kampuni huziweka katika hati fungani za serikali ya Marekani na mikopo mingine yenye usalama mkubwa, nazo zinazaa riba. Riba ni ya ADP. Imo kwenye mkataba, na mwajiri ameikubali.

Mwaka ulioishia Juni 2022 riba hiyo ilikuwa kama dola milioni 450. Mwaka uliofuata ikawa karibu milioni 813. Mwaka tunaouzungumzia ikavuka bilioni moja. Fedha zilizokaa hazikuongezeka sana. Kilichobadilika ni kwamba Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha viwango vya riba Machi 2022, kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, ili kupunguza mfumuko wa bei. Kupanda huko huko kuliifanya dola ipande bei kwetu na mafuta yatuumize, ndugu msikilizaji, lakini kwa anayeshika fedha za wengine ilikuwa mvua ya masika.

Bilioni moja ndani ya bilioni 19.2 inaonekana ndogo, kama senti tano za kila dola. Lakini haina mshahara mkubwa wa kulipa wala ofisi ya kujenga, kwa hiyo karibu yote inateremka hadi kwenye faida. Sehemu nzuri ya faida ile ya bilioni 3.8 ilitokana na kupanda kwa riba, jambo ambalo hakuna mkurugenzi wa ADP aliyelifanya. Uongozi uliuza huduma mpya kwa wingi kuliko mwaka uliotangulia, hilo tunalikubali. Ila tukisema kwenye redio kwamba faida imekua kwa asilimia 10, usiichukue yote kuwa ni jasho.

Swali la nani ale riba ya fedha zinazopita si la Marekani peke yake. Unalo kwenye simu yako. Salio lako la fedha za mtandao, likijumlishwa na la wenzako wote, limewekwa benki kwenye akaunti ya amana, na linazaa riba. Kenya, riba ya amana za M-Pesa hairuhusiwi kuwa faida ya kampuni ya simu, huenda kwenye shughuli za hisani. Tanzania ilikwenda njia nyingine: mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, ilianza kuwagawia watumiaji na mawakala riba hiyo, na mitandao mingine ikafuata. Bila shaka umewahi kupata ule ujumbe wa gawio, pengine shilingi mia chache. Mfanyakazi wa Marekani ambaye kodi yake imelala wiki mbili kwa ADP hapati ujumbe kama huo.

Je, fedha zinazopita zikipotea? Jambo hilo limeshatokea, si kwa ADP bali kwa kampuni ndogo zaidi ya jimbo la New York iliyoitwa MyPayrollHR. Ilikuwa ikihudumia maelfu ya waajiri. Mwanzoni mwa Septemba 2019 mwenye kampuni, Michael Mann, alizigeuza njia dola milioni 35 za mishahara na kodi, zikaingia kwenye akaunti aliyoitawala yeye, badala ya akaunti ya kampuni iliyokuwa ikisukuma malipo kwenda benki za wafanyakazi. Kampuni hiyo ya kati ilikuwa imeshawalipa watu. Ilipoona fedha hazikufika, ikaamuru malipo yarudishwe. Watu wakaamka na kukuta mshahara umetolewa kwenye akaunti zao. Wengine walitolewa mara mbili, salio likawa chini ya sifuri, na kodi ya nyumba inadaiwa. Hawakumjua Mann. Walikuwa wamefanya kazi kwa mwajiri wao, na mwajiri naye alikuwa ametuma fedha kwa wakati. Mann alikiri makosa mahakamani mwaka 2020, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

ADP inasema huziweka fedha za wateja wa Marekani kwenye amana iliyotengwa na mali yake yenyewe. Huo ndio ulinzi wenye maana, kuliko ukubwa wa faida, kwa sababu kampuni inaweza kupata faida kubwa huku fedha za wateja zimechanganywa na zake.

Kwetu, kampuni nyingi za ulinzi, za usafi na zinazopeleka vibarua mashambani na migodini hufanya kazi inayofanana na hii: mtu anafanya kazi mahali pamoja, mshahara unatoka kwa mwingine. Makato nayo yapo. Tanzania, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kenya, bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, ambayo mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kilichoandikwa kwenye hati ya mshahara ni kwamba fedha zimekatwa. Hakithibitishi kwamba zimefika. Anayejua kama zimefika ni mfuko wenyewe, na mwanachama ana haki ya kuuliza kwa namba yake ya uanachama bila kupitia kwa mwajiri. Malalamiko tunayoyapokea ni yale yale: mtu amefanya kazi miaka minne, akienda kudai mafao anaambiwa ana michango ya miezi kumi na moja. Aliyeuliza kila baada ya miezi mitatu angelijua pengo mapema, wakati mwajiri bado yupo na mkataba bado unaishi.

Kuna namba moja zaidi ya ADP ambayo mtaendelea kuisikia kwetu. Kwa kuwa inaona mishahara ya watu wengi, kila mwezi hutoa takwimu za ajira za sekta binafsi ya Marekani, kwa kawaida Jumatano, siku mbili kabla ya zile za serikali. Tangu 2022 inaziandaa pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mara nyingi hazilingani na za serikali, hata kwa makumi ya maelfu ya watu, na wafanyabiashara wa fedha huzikimbilia vilevile. Sisi huzitaja Jumatano, kisha hungoja za Ijumaa.