Kutoka "Limekufa" hadi "Amekufa": Upatanisho wa Kisarufi na Utu wa Roboti katika Katuni ya The Transformers

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unavyomlazimu mfasiri wa katuni ya The Transformers kuamua iwapo roboti ni kitu au ni mtu. Hoja yetu ni kwamba uamuzi huo si wa kisarufi tu, bali ni wa kifasihi pia, kwa kuwa kazi yenyewe imejengwa juu ya mpaka baina ya bidhaa na mhusika.

1.0 Utangulizi

The Transformers ilianza kurushwa na televisheni nchini Marekani mwezi Septemba 1984, ikamalizika mwaka 1987. Katika kazi hii vichezeo vilitangulia hadithi. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua roboti za kuchezea za kampuni ya Takara ya Japani, zikiwemo zile za Diaclone, ikaziuza chini ya jina moja jipya. Kisha wachapishaji wa hadithi za picha, Marvel, wakaombwa kuzitungia historia. Dennis O'Neil alibuni jina la Optimus Prime, naye Bob Budiansky akabuni majina na wasifu wa wengi waliosalia.

Badiliko hili lilikuwa kubwa. Roboti za Diaclone zilikuwa mitambo iliyoendeshwa na marubani wadogo. Katika katuni, marubani waliondolewa na mitambo ikapewa nia, fadhila na kasoro. Kwa istilahi za sarufi yetu, kilichokuwa katika ngeli ya I-ZI kilihamia A-WA.

2.0 Ngeli na Uhai

Katika Kiswahili, uhai wa kirejelewa aghalabu hushinda umbo la nomino. Husemwa "kifaru amelala", si *"kifaru kimelala". Kinyume chake, mwanasesere hana uhai, lakini hupatanishwa kwa a- kutokana na umbo lake. Roboti ni nomino ya mkopo isiyo na kiambishi cha kumwongoza msemaji. Kiwandani, "roboti imeharibika"; katika hadithi, "roboti amekasirika". Tazama mifano ifuatayo inayosimulia Optimus Prime akijigeuza:

(1) Lori lilisimama, likajigeuza, likainuka.
(2) Lori lilisimama, likajigeuza, akainuka Optimus Prime.
(3) Optimus Prime alisimama, akaacha umbo la lori, akainuka.

Mfano wa (1) unamfanya mhusika kuwa mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wa (2) unavutia kisanaa, kwani uhai unazaliwa katikati ya sentensi; hata hivyo, unapotosha maana, kwa kuwa katika katuni wahusika huongea na kufikiri hata wanapokuwa magari. Mfano wa (3) ndio ulio aminifu zaidi. Kinachouwezesha ni jina la pekee: likishatajwa, kiambishi a- hufuata bila kutia shaka. Basi kazi ya O'Neil na Budiansky ya kutoa majina ndiyo hasa iliyotia uhai katika plastiki.

Tahadhari moja inahitajika. Autobot na Decepticon ni jamii mbili za viumbe hai wa asili moja. Mfasiri anayeandika "Autobot wamefika" na "Decepticon zimeshambulia" huwavua maadui utu kwa kiambishi kimoja tu, na kutoa hukumu ambayo matini chanzi haikuitoa.

3.0 Kifo cha Shujaa

Filamu ya mwaka 1986 iliudhihirisha mpaka huu kwa uchungu. Optimus Prime aliuawa pamoja na wenzake kadhaa ili kuwapisha wahusika wapya ambao vichezeo vyao vilikuwa vikiingia sokoni. Kwa wauzaji, bidhaa ilikuwa imepitwa na wakati. Kwa watoto, alikuwa amekufa mtu wao. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka 1987 shujaa huyo alirejeshwa katika katuni.

Kiswahili kinaueleza mgongano huu kwa uwazi. Kitenzi "kufa" peke yake hakitoshi kuutatua, kwani hata injini hufa, na gari bovu husemwa "limekufa". Tofauti yote imo katika kiambishi cha nafsi: wauzaji walisema "limekufa", watoto wakasikia "amekufa". Katika filamu, mwili wa shujaa hupoteza rangi zake na kuwa wa kijivu. Hapa mfasiri ana chaguo jingine: "maiti", ambayo kwa kawaida huzikwa kwa i-, au "marehemu", ambaye hubaki na a- yake hata kaburini. Nomino ya kwanza inamrudisha Optimus Prime rafuni. Ya pili inamwacha miongoni mwa watu.

4.0 Hitimisho

Imezoeleka kuihukumu katuni ya aina hii kuwa ni tangazo refu la biashara. Hukumu hiyo ina ukweli kuhusu chanzo chake, lakini haielezi kwa nini watoto walimlilia Optimus Prime. Upatanisho wa kisarufi unatusaidia kuyaona yote mawili. Kwa hiyo, mfasiri hana budi kuchagua ngeli ya wahusika wake kabla ya sentensi ya kwanza, na pale anapoibadilisha, awe na sababu ya kisanaa ya kufanya hivyo.