Sony Anamwoa Nani? Tetesi za Uchumba Zilizofika Mpaka Kaole

Dada, kama mwenzi wako ni mtu wa magemu, basi iko siku atakaa kitandani na simu mpaka usiku wa manane, halafu atakugeukia na kukwambia kwa sauti ya mtu aliyepata msiba: "Wanaungana." Usishtuke. Hamzungumzii shangazi yake na yule jirani. Anazungumzia Sony na Microsoft, au Nintendo na sijui nani, au Sony na kampuni yoyote ya teknolojia iliyotajwa kijiweni siku hiyo.

Nilikuwa nikidhani haya ni mambo ya wanaume na hayaingii kwenye kurasa zetu. Lakini ukiyafuatilia vizuri utakuta ni yale yale: posa, mahari, usaliti, mke mwenza, na watoto kulelewa nyumba nyingine. Na kwa familia moja ninayoifahamu kule Kaole, tetesi hizi zilitaka kumeza hela ya kikoba ya mwaka mzima.

Pete iliyorudishwa Chicago

Kwanza kisa cha wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Nintendo ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa magemu duniani. Sony alijulikana kwa redio, runinga na Walkman, kwenye gemu hakuwa na jina. Injinia wake mmoja, Ken Kutaragi, akatengeneza chipu ya sauti ya mashine mpya ya Nintendo, Super Famicom, na hapo mazoea yakaanza. Mwaka 1988 wakaandikishana: Sony atengeneze mashine itakayotumia kaseti za Nintendo pamoja na CD.

Juni 1991, kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Sony akasimama mbele ya kadamnasi akatangaza mashine hiyo. Akaiita Play Station, maneno mawili. Siku iliyofuata tu, jamani, siku iliyofuata! Nintendo naye akatangaza kwamba kwa mambo ya CD atashirikiana na Philips wa Uholanzi. Hebu fikiria umevalishwa pete Jumamosi, na Jumapili kanisani linatangazwa jina la mwingine.

Sababu? Rais wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, alikuwa ameusoma upya ule mkataba na kugundua kwamba kwa upande wa CD, mamlaka ya leseni za magemu yangebaki kwa Sony. Yaani angekuwa ameoa na kuhamia ukweni. Akakimbia.

Sony angeweza kukaa analia. Badala yake Kutaragi aliwasukuma wakubwa wake mpaka wakakubali kutengeneza mashine yao wenyewe, na tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation, sasa neno moja, ikaingia sokoni Japani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Iliyofuata, PS2 ya mwaka 2000, ikapita milioni 150, na hiyo ndiyo iliyofika mpaka vichochoroni kwetu ikiwa imechipuliwa ili isome CD za kunakili. Philips na Nintendo hawakutengeneza mashine yoyote ya maana pamoja. Ile sampuli ya mashine ya uchumba, yenye majina yote mawili, ilipigwa mnada Marekani Machi 2020 kwa dola 360,000. Sijawahi kuona pete ya uchumba uliovunjika ikiuzwa bei hiyo.

Nyumba yenye banda

Sasa twende Kaole. Wengi wenu mkisikia jina hilo mnakumbuka Kaole Sanaa Group, wale wa maigizo ya ITV waliotutolea akina Steven Kanumba. Mimi nasema Kaole yenyewe, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo mjini, penye magofu ya misikiti ambayo mmoja unatajwa kuwa wa karne ya 13, na kaburi ambalo waongoza wageni hulieleza kuwa la wapenzi wawili waliokufa maji wakazikwa pamoja. Wanaokwenda fungate hupenda sana kupigia picha hapo.

Banda ninalolizungumzia haliko mbali na barabara inayokwenda magofuni. Bati juu, bati pembeni, benchi mbili, TV mbili, PS3 moja na PS4 moja iliyochoka, pedi zimefungwa raba. Mechi moja shilingi 500. Jioni vijana wakirudi pwani hupati pa kukaa. Mwenye banda ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mkewe anakaanga vitumbua asubuhi na mchana anauza juisi ya ukwaju. Wana ndoa ya miaka minne na mtoto mmoja.

Mke alikuwa amevunja kikoba, amepata laki saba na ushei. Yeye alitaka friza, auze barafu na juisi ya baridi kwa hao hao wachezaji. Mume alitaka PS4 nyingine ya mtumba kutoka Kariakoo. Mpaka hapo ni ugomvi wa kawaida, wangeumaliza. Kilichoharibu ni ujumbe uliopita kwenye kundi la WhatsApp: Sony na Microsoft wanaungana, mashine zinafutwa, kila mtu atacheza kwenye simu. Basi mume akabadilika. Mara tusinunue kitu, tusubiri. Mara tuuze zote tununue simu kubwa. Mara tufunge banda tuanze bodaboda. Wiki tatu!

"Shikamoo dada," mke aliniambia nilipofika, "wewe umesoma. Hebu niambie, hawa watu wanaooana huko Japani, harusi yao inaingiaje kwenye hela yangu?"

Nikamwitikia, tukakaa. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa ofisini.

Kilichosemwa kweli, na kilichoongezwa chumvi

Ujumbe ule haukuwa wa hewani kabisa. Tarehe 16 Mei 2019, bosi wa Sony, Kenichiro Yoshida, na bosi wa Microsoft, Satya Nadella, walitangaza makubaliano ya awali: Sony aangalie uwezekano wa kutumia kompyuta kubwa za Microsoft, zile za Azure, kurusha magemu na burudani nyingine kupitia mtandao. Mahasimu wa PlayStation na Xbox, mezani pamoja! Dunia ya magemu ikachanganyikiwa. Lakini yale yalikuwa maelewano, watu walikuwa wanajuana tu. Mahari haikutolewa, na PlayStation haikufutwa. Novemba 2020 kila mmoja akatoa mashine yake mpya, wakagombana sokoni kama kawaida.

Waliyemwogopa wakati ule alikuwa Google, aliyekuwa ametangaza Stadia, gemu bila mashine: mchezo unaendeshwa kwenye kompyuta iliyo mbali, wewe unaletewa picha, unabonyeza pedi, amri inasafiri kwenda na kurudi. Stadia ilifunguliwa Novemba 2019. Januari 18, 2023 ikafungwa. Google huyo huyo, mwenye fedha zote zile, alishindwa.

Nikamwambia mume achukue kalamu. Google wenyewe walisema Stadia ilikula hadi GB 4.5 kwa saa moja, tena kwa picha ya kiwango cha chini. Piga hesabu ya bando, saa moja tu, halafu uniambie mteja wa shilingi 500 atalipa nini. Na picha hiyo itoke wapi? Vituo vikubwa vya Microsoft vya Afrika, vilivyofunguliwa 2019, viko Johannesburg na Cape Town. Amri ya penati itoke Kaole iende Afrika Kusini irudi, kipa ameshadaka na kupiga mbele. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa dola bilioni moja nchini Kenya, pamoja na kituo cha kompyuta cha kutumia umeme wa mvuke kule Olkaria. Karibu kidogo, sawa. Ila siku chache kabla ya tangazo lile kufika kwenye simu za watu wa Bagamoyo, simu zenyewe zilikuwa hazina mtandao: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani kwa siku kadhaa.

"Siku zile banda lilijaa," mume akakumbuka. Bila shaka lilijaa. Diski haihitaji waya wa baharini.

Mke mwenza na watoto wa kambo

Msinielewe vibaya, kuungana kupo, ila hakufanani na inavyosemwa. Chukua AMD wa Marekani, mtengenezaji wa chipu. Tangu 2013 ndiye yuko ndani ya PlayStation na ndani ya Xbox, zote mbili. Waume wawili, nyumba mbili, na wote wanamjua! Juni 2025 Microsoft alitangaza ataendelea naye kwa mashine zijazo. Sony naye ana mradi naye wa utafiti. Mwanamke mmoja hapa ofisini aliposikia alisema huyo AMD aje atoe semina.

Nintendo, baada ya kuchezea wenzake, ametulia na Nvidia kwenye Switch tangu 2017. EA na FIFA waliishi pamoja karibu miaka 30, tangu 1993, kisha 2022 wakatangaza talaka. EA akabaki na nyumba, FIFA akabaki na jina. Mabandani kwetu wala hawajali, mchezo unaitwa "Fifa" mpaka kesho.

Na Microsoft? Oktoba 2025 alitangaza kwamba Halo, mtoto wake wa kwanza kabisa tangu Xbox ya 2001, atatoka pia kwenye PlayStation. Hili lilinishangaza kuliko yale makubaliano ya 2019. Mtu anayempeleka mtoto wake kifungua mimba akalelewe kwa hasimu wake, ama ameishiwa, ama ana hesabu ndefu. Mimi nadhani ni hesabu. Anataka kuuza gemu popote palipo na mteja, mashine iwe ya nani isimhusu. Kama nitaambiwa nibashiri, nitasema Sony na Microsoft hawataoana kamwe, ila watazidi kulipana.

Mchumba ninayemtaka mimi

Maana ndoa ambayo ingebadilisha maisha ya yule mama wa juisi haiko Marekani wala Japani. Ni Sony na mtu wa kwetu mwenye pesa za simu.

Angalieni hili. Mei 2024 Sony aliwaambia wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta kwamba lazima wafungue akaunti ya PlayStation. Kumbe akaunti hizo hazitolewi kwenye nchi zaidi ya 170, sisi tukiwemo, na gemu likaondolewa sokoni katika nchi hizo. Wachezaji wakapiga kelele, ndani ya siku chache Sony akarudi nyuma kuhusu lile sharti. Lakini tulijionea tulipo: kijana wa Bagamoyo akitaka akaunti anajiandikisha kana kwamba anaishi Uingereza au Afrika Kusini. Tunampenda Sony, ila kwenye daftari lake la wageni hatumo.

Dalili nyingine zipo. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony uliweka fedha kwenye Carry1st, kampuni ya magemu yenye makao Cape Town ambayo kazi yake kubwa ni kumwezesha Mwafrika asiye na kadi ya benki alipie gemu kwa njia alizonazo. Hapo ndipo macho yangu yalipo. Vodacom alituletea M-Pesa 2008, leo mpaka muuza vitumbua analipwa kwa simu. Siku Sony akikaa meza moja na mtu wa namna hiyo, mwenye banda atanunua gemu halali kwa hela ya jioni moja, kidogo kidogo, bila kumtafuta mtu wa Kariakoo. Hizi ni ndoto zangu, sijasikia tetesi yoyote. Ila nikiwa mshenga hapo ndipo ningepeleka barua.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine, na hicho nilimwambia mke kwanza. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilikuja bila sehemu ya kuingizia diski, unainunua pembeni. Banda linaishi kwa diski: unaazima, unabadilishana na mwenzako wa Magomeni ya Bagamoyo, unauza ukichoka. Gemu likishakuwa la akaunti ya mtu haliazimiki. Wakubwa wanaweza kuungana au kuachana, hilo la diski ndilo litakalofika Kaole, na halitafika mwaka huu wala ujao, maana mashine za mtumba zinachelewa kuja kama nguo.

Walikaa siku mbili wakaamua, na uamuzi ulikuwa wa mke. Fedha ni zake, kwa hiyo PS4 ni yake. Ameinunua kwa laki tano na nusu ikiwa na diski tatu, mume anaiendesha na kumlipa kila Ijumaa mpaka friza itimie. Wameandikishana kwenye daftari la shule, shahidi ni mama mkwe. Nilimuuliza kwa nini waandikishane na ni mume na mke.

"Si umenisimulia mwenyewe dada, yule wa Chicago," akasema, akaendelea kuchuja ukwaju.