Uzingativu: Zoezi la Kuyarudisha Mawazo Yaliyotanga

Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba fulani "ana mawazo", hamsifu kuwa ni mwenye kufikiri, bali humhurumia kwa dhiki inayomkosesha usingizi na hamu ya chakula. Matumizi hayo ya neno yanagusa jambo ambalo wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walilipima mwaka 2010, walipowauliza watu wazima 2,250 kwa njia ya simu, katika nyakati mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini na wakiwaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kuwa fikra za mhusika hazikuwa kwenye kazi aliyokuwa nayo mkononi, na ilidhihirika kwamba watu huwa na furaha pungufu fikra zinapotanga kuliko zinapotulia.

Uzingativu ni hali ya mtu kuielekeza nadhari yake, kwa makusudi, kwenye yale yanayotokea wakati uleule mwilini mwake na katika mazingira yake, bila kuharakisha kuyahukumu kuwa mema au mabaya. Chimbuko lake ni mafunzo ya Kibuddha, ambamo huitwa *sati* kwa lugha ya Kipali, neno lenye pia maana ya kukumbuka. Lakini uliingia katika tiba ya kisasa mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa waliosumbuliwa na maumivu sugu na msongo, bila kuwataka wafuate dini yoyote.

Zoezi mojawapo la mwanzo katika mafunzo hayo ni kula zabibu kavu moja. Mshiriki huiweka kiganjani na kuyatazama makunyanzi yake, huibinyabinya, huinusa, kisha huiweka ulimini bila kuitafuna, akitambua mate yanavyojaa kabla ya meno kufanya kazi yoyote. Katikati ya zoezi fikra humtoroka, zikaenda kwenye deni au ugomvi wa jana. Naye, badala ya kujilaumu, hutambua kuwa zimetoroka na kuzirudisha kwenye zabibu. Wengi hudhani kwamba huko kutoroka ni kushindwa, ilhali kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Faida ya kurudi huku huonekana zaidi katika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na ya muda mrefu, ambao hulishwa na tabia ya kucheua mawazo yaleyale machungu. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliunganisha uzingativu na tiba ya kisaikolojia ili kumfundisha mgonjwa aliyepata nafuu kutofautisha kati ya kusema "mimi si kitu" na kusema "limenijia wazo kwamba mimi si kitu", kwa kuwa wazo lililotambuliwa kuwa ni wazo hupungukiwa na nguvu za kuamuru. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 424 na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, katika miezi 24, sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliopata tiba hiyo huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa, na asilimia 47 ya walioendelea na dawa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Katika maisha ya kila siku, zoezi halihitaji chumba maalumu wala mkeka. Anayeosha vyombo anaweza kuuzingatia uvuguvugu wa maji na utelezi wa povu. Anayengoja daladala anaweza kuzifuata pumzi zake kumi, na akipotea katika hesabu, akaanza tena na moja.

Hata hivyo, uzingativu hauondoi umaskini wala haumtengenezi mwajiri dhalimu, na kwa baadhi ya watu, hasa waliopatwa na mikasa mizito, kukaa kimya na nafsi kunaweza kuamsha kumbukumbu za kutisha. Mtu wa namna hiyo afanye zoezi chini ya uangalizi wa mtaalamu, na anayetumia dawa asiziache bila kauli ya daktari. Kwa wengine, pumzi kumi kabla ya kujibu neno lililowaudhi ni mwanzo unaotosha.