Picha ya ntheo: Kazi ya mpiga picha wa harusi Ukambani ni zaidi ya kubofya kamera

JUMAMOSI ya Desemba, saa kumi na moja alfajiri, vijana wengi wa Kitui na Wote bado wako kitandani. Mpiga picha wa harusi ameshaamka. Anahesabu betri, anahakikisha kazi ya wiki jana imehifadhiwa ndipo afute memori kadi, kisha anatafuta bodaboda au probox ya kumfikisha kwao bibi harusi kabla hajaanza kupambwa.

Wikendi moja yuko kanisani Kitui mjini. Inayofuata anapanda vilima vya Mbooni. Nyingine anashuka Kibwezi, ambako jua halina mchezo. Barabara ya lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imewarahisishia wengi kufanya kazi pande zote mbili za Mto Athi. Soko nalo lipo: katika hesabu ya watu ya 2019, Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187 na Makueni 987,653.

Kutoka nje, kazi hii inaonekana rahisi. Unavaa shati safi, unakula pilau ya bure, unabofya, unalipwa. Lakini Ukambani kuna picha moja ambayo miaka ishirini baadaye inaweza kumsaidia mjane kubaki kwenye shamba la mumewe.

MBUZI WA NTHEO

Kabla ya gauni jeupe na keki, kuna ntheo. Familia ya mwanamume hupeleka mbuzi, mara nyingi watatu, nyumbani kwa wazazi wa msichana. Kunachinjwa, familia mbili zinakula pamoja, na kuanzia hapo wazee humhesabu binti huyo kuwa mke wa mtu. Ngasya, yaani mahari yenyewe, inaweza kulipwa polepole kwa miaka.

Mahakama za Kenya zimeamua kesi nyingi ambazo swali kuu lilikuwa hilo hilo: je, ntheo ilifanyika? Mume anafariki, hakuna cheti cha ndoa, na ghafla ndugu wanasema huyu mama hawamjui. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka wanandoa wa kimila wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, lakini wengi hawafiki huko. Kinachobaki ni mashahidi, na wazee nao huzeeka, husahau au hufariki.

Hapo ndipo picha huingia. Peke yake haitoshi kuthibitisha ndoa, ila ikiandamana na ushahidi wa watu, inaonyesha nani alikuwepo na nini kilifanyika. Ikiwa ni ya kidijitali, Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka iambatane na cheti cha mtu aliyehusika na kifaa kilichoitoa. Kwa hivyo usishangae ukipigiwa simu na wakili kuhusu kazi uliyoisahau.

Ndiyo maana anayejua kazi yake haji kwenye ntheo kupiga tabasamu pekee. Anapiga mbuzi wakiwa hai, wakihesabiwa. Anapiga wazee wa pande zote mbili ndani ya fremu moja. Anapiga nyumba, ili mahali pajulikane. Na kabla ya yote anahakikisha tarehe ya kamera ni sahihi, kwa sababu kamera iliyoachwa na tarehe ya kiwandani itakuja kutoa ushahidi wa uongo.

JUA, SHELA NA HEMA LA RANGI

Halafu kuna vita vya mwanga. Misa imechelewa, msafara umekwama, na picha za bwana na bibi harusi zinapigwa saa saba mchana. Jua liko utosini, macho yamegeuka vivuli viwili vyeusi, na shela inameremeta kama bati jipya.

Kamera hukisia mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ikiona gauni jeupe limejaza fremu, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unafifia. Aliyezoea hufuata uso kwanza, kisha anachunga gauni lisiungue. Njia ya mkato ni kuwapeleka chini ya mwembe. Makueni miembe haikosekani, na kivuli chake ni kizuri kuliko fleshi ya bei ghali. Ukiteremka Mutomo au Kibwezi, mibuyu inakupa kivuli na mandhari kwa pamoja. Kitui kuna mwamba wa Nzambani, ambao simulizi za wenyeji zinasema ukiuzunguka mara saba unabadilika jinsia. Maharusi hucheka sana wakiambiwa hivyo, na kicheko hicho ndicho mpiga picha anachotaka.

Adui mwingine ni hema. Hema la kijani au la bluu hupaka rangi nyuso zote zilizo chini yake, na kuirekebisha kwenye kompyuta ni usiku mzima. Wanaojipanga huzungumza na kamati ya harusi mapema na kuomba hema jeupe, angalau kwenye meza kuu.

Suala la ngozi nyeusi kwenye picha lina historia. Kwa miongo kadhaa, filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Weusi walitoka kama vivuli. Kamera za leo ni bora zaidi, ila kazi ya kuhakikisha shosho wa Mwingi anaonekana vile alivyo bado ni ya aliyeshika kamera.

HESABU ZA CHAPAA

Tuseme mmepatana Sh40,000. Msaidizi Sh5,000, nauli na chakula Sh4,000, kukodisha lenzi ya pili Sh5,000, albamu Sh8,000. Umebaki na Sh18,000. Sasa ongeza siku nne za kuhariri juu ya siku ya harusi, ugawanye kwa tano: Sh3,600 kwa siku, na bado hujatenga pesa za kamera itakayochakaa.

Harusi nazo ni za msimu. Hujaa Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa. Miezi mingine, mpiga picha huyo huyo anapiga mahafali ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kitui, picha za pasipoti, na mazishi. Wakati mwingine anaitwa kwenye mazishi ya mzee aliyempiga akicheza kwenye harusi ya mwanawe, na familia inaomba picha ile ile iwekwe kwenye kijitabu cha tanzia. Hakuna siku inayomfundisha thamani ya kazi yake kuliko hiyo.

Kamati zikibana bajeti, mara nyingi huanza na picha: "Mjomba ana simu poa." Dawa yake ni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: bei, malipo ya awali, idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi. Ndani ya mkataba huo uandike pia picha ni za nani. Wengi hawajui kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vingine. Ukitaka kuziweka kwenye ukurasa wako wa Instagram, pateni maelewano mapema.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu sura ya mtu kuwa data yake. Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi zilizochapishwa bila ruhusa ya wazazi. Watoto wanaobeba maua pia wana wazazi. Waulize.

Kwa wenye droni, lazima isajiliwe na Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA. Harusi ikiwa Mtito Andei, kumbuka mbuga ya Tsavo iko hapo jirani na huko hairushwi ovyo.

WALIOTANGULIA

Ukitafuta wa kuiga, si lazima uende Hollywood. Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alizunguka kwenye harusi na densi za vijana miaka ya 1960, akirudi studioni usiku kusafisha filamu ili wateja wachague picha zao. Kazi hiyo ya mtaani ndiyo iliyompa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2007, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hapa kwetu yuko Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa. Alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa mwaka 1996. Ukisikia kulalamika kwamba lenzi yako ni ya zamani, mkumbuke.

Hao wawili hawakungoja vifaa vya kifahari. Kijana wa Kitui au Makueni anaweza kuanza na kamera ya mtumba na nidhamu ya kuhifadhi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mbali na nyumbani. Kamera ikiibwa utanunua nyingine. Harusi hairudiwi.

Nanyi mnaopanga kuoana, msikubali picha zenu zikae kwenye simu tu. Chapisheni albamu, hata ndogo. Mkifanya ntheo, iteni mpiga picha siku hiyo pia, hata kama hakuna gauni wala keki. Kisha nendeni kwa msajili mchukue cheti, ili picha zile zibaki za kuonyesha wajukuu na zisihitajike mbele ya hakimu.