Kirusi cha Tilapia: Namna Kinavyotambuliwa na Hatua za Kuchukua

Mfugaji anapofika kizimbani asubuhi na kukuta samaki wakielea, swali la kwanza huwa ni nini kimewaua. Jibu halipatikani kwa macho pekee. Mwishoni mwa 2022, wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipata hasara kubwa baada ya samaki kufa kwa wingi, na watafiti wakataja upungufu wa oksijeni majini kuwa chanzo. Hata hivyo, kuna chanzo kingine ambacho wafugaji wanafaa kukifahamu: kirusi cha tilapia, kwa kifupi TiLV.

Kirusi hiki kilianza kujulikana nchini Israeli, ambako kuanzia 2009 tilapia walikufa kwa wingi mabwawani na katika Ziwa la Galilaya. Watafiti walikitambua rasmi mwaka wa 2014. Mei 2017, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kwa nchi zote zinazofuga tilapia. Mwaka wa 2018, watafiti waliripoti kukipata katika tilapia wa kufugwa na wa ziwani kutoka Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania. Samaki hao hawakuwa na dalili za ugonjwa. Ziwa ni moja, na samaki hawajui mipaka.

Je, ni kirusi cha aina gani? Mwaka wa 2016, watafiti waliosoma jeni zake walibaini kuwa zimegawanyika katika vipande 10. Kipande kirefu zaidi kilifanana kidogo na cha kirusi cha mafua aina ya C. Vile vingine 9 havikufanana na vya kirusi chochote kilichojulikana. Kwa sababu hiyo hakikuwekwa katika familia ya mafua, bali kilipewa familia yake, Amnoonviridae. Familia hizo mbili ziko katika kundi moja kubwa zaidi, Articulavirales. Humo pia kimo kirusi kinacholeta ugonjwa wa upungufu wa damu kwa samaki aina ya samoni, chenye vipande 8 vya jeni, ambacho kimewatia hasara wafugaji wa Norway na Chile.

Undugu huo wa mbali na mafua usiwatie wakazi hofu. Kirusi cha tilapia hakijulikani kuambukiza binadamu.

Uainishaji huu una manufaa kwa mfugaji. Maabara ikilinganisha jeni za kirusi kutoka mashamba tofauti, inaweza kusaidia kufuatilia kilikotoka, kwa mfano iwapo kiliingia pamoja na vifaranga walionunuliwa. Lakini virusi vya namna mbili vikikutana ndani ya samaki mmoja, vinaweza kubadilishana vipande. Ndiyo maana kusoma kipande kimoja tu kunaweza kupotosha. Ni bora vyote 10 visomwe.

Dalili za kuangalia ni samaki kukataa chakula, kuzubaa karibu na uso wa maji, rangi ya ngozi kubadilika, vidonda mwilini, na macho kuvimba au kuwa na ukungu. Katika baadhi ya mashamba ng'ambo, hadi samaki 9 kati ya 10 wamekufa. Dalili hizi zinaweza kufanana na za magonjwa mengine, kwa hivyo kipimo cha maabara ndicho huthibitisha.

Hakuna dawa ya kutibu ugonjwa huu. Kinga ndiyo nguzo. Wafugaji wanashauriwa:

- Kununua vifaranga kutoka vituo vinavyotambuliwa, kwa kuwa samaki wazazi wanaweza kuwaambukiza watoto wao.
- Kuwatenga samaki wapya kabla ya kuwachanganya na wengine.
- Kusafisha na kukausha nyavu, ndoo na vifaa vingine, na kutoviazima kiholela.
- Kuwaondoa samaki waliokufa kila siku na kuwazika kwa chokaa mbali na maji. Wasitupwe ziwani wala kuuzwa.
- Kutohamisha samaki kutoka shamba au kizimba chenye vifo.

Vifo vya ghafla viripotiwe siku hiyo hiyo kwa afisa wa uvuvi wa wadi au kwa viongozi wa ufuo. Mfugaji aeleze vifo vilianza lini, samaki wangapi wamekufa, na vifaranga walitoka wapi. Sampuli ichukuliwe kutoka kwa samaki walio hai lakini wagonjwa, kwani aliyeoza hawezi kutoa jibu la kuaminika.